Povu, Magadi na Mkate wa Ayalandi

Watu wa Ayalandi wanapoutia kisu mkate wao wa rangi ya kahawia, wenye harufu ya shayiri iliyoungua na shira ya miwa, huutaja kwa taadhima ile ile tuitumiayo sisi wa pwani tunapotaja mkate wa mofa: chakula cha bibi, na cha bibi wa bibi, ambacho hapana aulizaye kilianza lini. Sikusudii kuwavunjia heshima wazee wao, wala kuwanyang'anya fahari yao. Lakini aliyesoma habari za kisiwa kile hana budi kukiri kwamba mkate huo ni mchanga kuliko wanavyousifia, kwamba kiumuo chake kilitoka kiwandani, na kwamba ile pombe nyeusi imiminwayo ndani yake siku hizi, ambayo wengi huidhani ni mzaha wa wapishi wa kisasa, kwa kweli ni mwana wa nyumba aliyefukuzwa zamani akarejea kwa mlango wa uani, hata wenyewe wasimtambue.

Ayalandi ni nchi ya mvua. Mawingu ya bahari ya Atlantiki huifunika karibu mwaka mzima, jua lake ni la haya, na ngano iotayo katika ubaridi na umajimaji wa namna ile huwa ngano laini, isiyo na wingi wa ule ulimbo uitwao gluteni, ambao ndio unaoufanya unga ukandwao kwa hamira uvutike kama mpira na kuizuia hewa isitoroke. Kwa hiyo tangu zama za kale ngano ilikuwa kwao nafaka ya wenye nafasi, na umma uliishi kwa oti na shayiri. Vitabu vya sheria za kale za Waayalandi, ambazo asili yake ni karne ya 7 na ya 8, havikuona aibu kulipanga jambo hili kwa daraja: mtoto aliyepelekwa kulelewa katika nyumba ya watu wengine, kama ilivyokuwa desturi yao, alipikiwa uji kwa cheo cha babake, mwana wa mfalme akapewa unga wa ngano uliopikwa kwa maziwa mabichi na kutiwa asali, mwana wa mkuu akapewa wa shayiri kwa maziwa na siagi mpya, na mwana wa mtu wa kawaida akapewa wa oti kwa maji au mtindi, na siagi iliyokwisha kuchacha. Nimepata kusoma sheria nyingi za watawala juu ya mavazi na mapambo ya raia zao, lakini sheria iliyoingia mpaka ndani ya bakuli la mtoto ni shani.

Nyumba iliyotaka mkate wa kuumuka katika zama hizo ilitazama pipa la pombe. Hamira ya pakiti haikuwako. Muumuo wa mkate na muumuo wa pombe ulikuwa mmoja, na mwokaji alichota lile povu lizukalo juu ya kimea kinachochacha, akalitia katika unga wake, akangoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika sehemu nyingi za Ulaya ya kaskazini, na Ayalandi haikuwa tafauti: mpika pombe na mwoka mikate walikuwa jirani, na aghalabu walikuwa mwanamke yule yule. Palipokosekana pombe mpya palikosekana povu, na palipokosekana povu mkate ulilala chapati juu ya chuma cha moto.

Kisha kikaja kiazi, na kiazi kilipokuja kiliyafuta hayo yote kwa mafukara. Mtu mwenye kishamba kidogo aliweza kulisha jamaa yake kwa viazi na mtindi tu, bila kinu, bila tanuri, bila povu. Na kabla ya katikati ya karne ya 19 kibarua wa mashambani aliweza kula kilo 5 au 6 za viazi kwa siku moja, asile kitu kingine cha maana. Ugonjwa wa ukungu ulipoyaingia mashamba mwaka 1845, na kurudi tena mwaka uliofuata kwa ukali zaidi, hapakuwa na chakula cha pili cha kukimbilia. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha zaidi ya milioni 8. Ile ya mwaka 1851 ilionyesha milioni 6 na nusu. Kiasi cha milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yake, na zaidi ya hao walipanda merikebu.

Katika dhiki ile ndipo Waayalandi walipokutana na mahindi, na kisa chake kitamgusa kila msomaji aliyekulia ugali. Waziri Mkuu wa Uingereza, Robert Peel, aliagiza kwa siri mwishoni mwa 1845 mahindi ya Marekani ya thamani ya pauni 100,000. Yalipofika yalikuwa magumu kama changarawe, nchi haikuwa na vinu vya kuyasaga sawasawa, na hapana aliyewafundisha watu jinsi ya kuyapika. Wakayala yakiwa nusu mabichi, matumbo yakawakata, na kwa rangi yake ya manjano wakayaita kibiriti upele cha Peel. Nafaka iliyokuwa riziki na fahari ya nchi nyingi ikawa kwao jina la matusi, kwa kukosa tu mtu wa kusimama jikoni na kusema: saga hivi, koroga hivi, ngoja iive.

Sasa tuyageukie magadi, ambayo ndiyo roho ya kisa hiki. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya kutengeneza magadi kutoka chumvi ya kawaida, kwa sababu viwanda vya kioo na sabuni viliyahitaji kwa wingi na yale ya asili hayakutosha. Mapinduzi ya nchi yake yalimpokonya kiwanda chake, naye akajiua mwaka 1806, asionje faida ya maarifa yake. Aliyeyastawisha maarifa hayo upande wa Uingereza alikuwa mzaliwa wa Dublin, James Muspratt, aliyehamia Liverpool mwaka 1822, na ushuru wa chumvi ulipopunguzwa akayatoa magadi kwa tani. Maskini wa pwani za magharibi za Ayalandi, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakikusanya mwani, kuuanika na kuuchoma ili wauze majivu yake kwa watengeneza sabuni na kioo, walianza kuona bei ya majivu yao ikishuka. Magadi hayo hayo, yakipitishiwa hewa ukaa, hugeuka kuwa ule unga mweupe laini tunaouita magadi ya soda. Msomaji wa Kenya ana jamaa yake wa karibu nyumbani, katika ziwa lililopewa jina hilo hilo la Magadi, ambako maumbile yenyewe huyakausha juani bila kumngoja Mfaransa.

Unga huo mweupe ulipofika katika vijiji vya Ayalandi, miaka ya 1830, ulikuta kitu ambacho ni kama kilikuwa kikiungoja: mtindi. Kila nyumba yenye ng'ombe ilisukasuka maziwa kupata siagi, siagi ikauzwa sokoni kulipa kodi ya shamba, na mtindi uliobaki ukawa wa watoto na nguruwe. Uchachu wa mtindi ukikutana na magadi hutoa hewa hapo hapo, mapovu madogo elfu na elfu, na unga huumuka bila kungoja usiku kucha wala kutegemea pipa la jirani. Zaidi ya hayo, unga wa ngano laini, ambao ulikuwa aibu ya mwokaji wa hamira, ulifaa kabisa kwa magadi, maana mkate wa namna hii hautaki kukandwa wala hautaki ulimbo mwingi. Ile dosari ya hali ya hewa ikageuka kuwa sifa. Mwezi Novemba 1836 jarida moja la wakulima lililochapishwa London lilieleza namna ya kuufanya mkate huu, likitoa habari hiyo katika gazeti la kaskazini mwa Ayalandi, na huo ni ushahidi wa mwanzo mwanzo tulio nao wa kitu ambacho leo huitwa cha tangu na tangu. Baada ya njaa, watu waliobaki walipojifunza kwa msiba kwamba haifai kutegemea mmea mmoja, mkate wa magadi ukaenea kila pembe.

Uliokwa katika sufuria ya chuma cha kusubu, yenye miguu mitatu na kifuniko bapa, ambayo waliiita bastable kwa kuwa kwa asili ilitoka mji wa Barnstaple upande wa Devon. Sufuria ilitundikwa juu ya moto wa mboji, yaani ule udongo mweusi wa vinamasi uliokatwa kama matofali na kuanikwa, na makaa yake yakapaliwa juu ya kifuniko. Mwanamke wa Lamu au wa Unguja aliyepata kupika mkate wa kumimina, moto chini na moto juu, asingehitaji kufundishwa. Kabla ya kufunika, mwokaji aliupasua mkate kwa kisu alama ya msalaba: wachamungu wakasema ni baraka, wazee wa mashambani wakasema ni kuyafungulia njia majini yatoke, na kisu chenyewe, kama kingeweza kusema, kingesema kwamba moto hupenya upesi mahali palipopasuliwa, na kwamba mkate wenye msalaba humeguka robo nne bila ugomvi.

Hivyo ndivyo povu la pombe lilivyofukuzwa katika mkate. Lakini pombe yenyewe haikulala. Siku ya mwisho ya mwaka 1759 Arthur Guinness alitia sahihi mkataba wa kupanga kiwanda kilichoachwa mahali paitwapo St James's Gate, Dublin, kwa pauni 45 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 9,000. Na sijui nimstaajabie mpangaji aliyeomba muda ule au mwenye nyumba aliyeukubali. Mwanzoni alipika pombe nyekundu ya kawaida. Lakini kutoka London ilikuwa ikiingia pombe nyingine, nyeusi na yenye nguvu, iliyopendwa mno na mahamali wa mitaani na wa mtoni, hata ikapewa jina lao, porter, yaani ya wachukuzi. Naye Guinness akaiiga, na kufikia mwaka 1799 akaiacha kabisa ile ya kwanza. Iliyozidi uzito na ukali iliitwa stout, maana yake imara, na sisi tunaweza kuiita stauti. Mjini Cork nako wakatokea mahasimu wake, Beamish na Crawford tangu 1792, na Murphy tangu 1856, na mpaka leo mtu wa Cork ukimpa stauti ya Dublin huinywa kama anayekutii tu.

Weusi wa stauti haukukamilika mpaka 1817, mwaka ambao Daniel Wheeler alipewa hataza ya pipa la chuma la kukaangia kimea, lililozungushwa juu ya moto mfano wa lile la kukaangia buni. Kimea kilichokaangwa humo kilitoka cheusi bila kuwa majivu, na kiasi kidogo chake kilitosha kuitia rangi pombe nzima. Ndiyo sababu stauti ina ladha inayomkumbusha mtu wa pwani kahawa chungu ya jioni: kazi iliyofanywa juu ya nafaka ile ni kazi ile ile ya buni. Ladha hii ndiyo iliyokuja kuirudisha pombe katika unga, lakini safari yake ilikuwa ndefu, kwa kuwa mkate wenyewe wa kahawia ulikaribia kupotea kwanza.

Ulikaribia kupotea kwa ajili ya weupe. Miaka ya 1870 na 1880 vinu vya mawe vilianza kushindwa na mitambo ya magurudumu ya chuma, ambayo huivua ngano wishwa na kiini chake na kuacha unga mweupe kama chokaa, usiooza upesi ghalani. Mkate mweupe wa dukani, ambao zamani ulikuwa wa makabaila, ukawa wa kila mtu mwenye senti. Na mkate wa kahawia wa nyumbani ukapata harufu ya umaskini, hata mgeni wa heshima akija, kama padri, ulifichwa ukatolewa mweupe. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Ayalandi haikuingia vitani, na serikali yake ikaipa miaka ile jina la upole, Dharura. Lakini meli za ngano zilipungua, na mwaka 1942 ikabidi unga usagwe na kila kilichomo, pasipo kutupa wishwa. Watu walioupenda mkate wa kahawia wa mama zao walipolazimishwa kuununua kwa mwoka mikate, umeoza kwa umajimaji na mweusi kwa shari, waliuchukia. Fauka ya hayo madaktari wa Dublin wakaona matege yakizidi kwa watoto wadogo, kwa kuwa wishwa una asidi iizuiayo chokaa ya chakula isifike mifupani. Vita ilipokwisha, nchi iliukimbilia mweupe kama mfungwa akimbiliavyo mlango.

Aliyeurudishia mkate huu heshima yake alikuwa bibi wa shambani. Myrtle Allen, aliyekaa na mumewe katika jumba la kale la Ballymaloe, mashariki mwa Cork, mwaka 1964 alifungua chumba chake cha kulia kwa wageni wenye kulipa, akawaandikia orodha ya vyakula kwa vile vilivyopatikana siku hiyo shambani na bandarini. Mkate wake wa kahawia ulitumia hamira, kwa namna isiyotaka kukandwa iliyobuniwa na Mwingereza Doris Grant wakati wa vita, na ndani yake alitia shira nyeusi ya miwa. Wageni walizoea kuletewa mkate mweupe palipotakiwa adabu. Hapa waliletewa wa kahawia bila kuombwa radhi. Mwaka 1983 mkaza mwanawe, Darina Allen, alifungua karibu na hapo chuo cha upishi, na wanafunzi wakautawanya mkate huo duniani. Wakati huo huo, upande wa magharibi, mji wa Galway ulikuwa na sikukuu ya chaza tangu 1954, na kwenye meza za sikukuu hiyo sahani ya chaza ilikaa kati ya vitu viwili: bilauri ya stauti na kipande cha mkate wa kahawia uliopakwa siagi. Kutoka kando ya sahani hata ndani ya bakuli la unga ni hatua fupi, na wapishi waliipiga.

Lakini stauti iliyorudi si lile povu lililoondoka. Haiumui kitu, chachu yake imekwisha kuchujwa. Uchachu wake mdogo husaidiana na ule wa mtindi kuyaamsha magadi, weusi wake hutia rangi, uchungu wake huupunguza utamu wa shira, na harufu ya kimea kilichoungua huufanya wishwa wa ngano uonekane kama umekaangwa. Mimi naona hilo ni jambo la haki: aliyekuwa mtumishi wa mkate sasa amealikwa kama mgeni.

Mwenye kutaka kuujaribu nyumbani na awashe tanuri kwanza, nyuzi 200, kabla hajagusa unga, kwa maana magadi hayamngojei mtu. Katika bakuli pana apime gramu 400 za unga wa ngano isiyokobolewa, ule wenye chenga, gramu 100 za unga mweupe, gramu 75 za oti, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na kimoja na nusu cha magadi ya soda yaliyochekechwa yasiwe na madonge. Akizidisha magadi, mkate utanuka sabuni, na hapana dawa. Afikiche humo gramu 30 za siagi kwa ncha za vidole. Stauti aimimine mapema katika chombo kingine na kuiacha povu litulie, kwa kuwa anayepima povu hupima upepo. Atwae mililita 250 zake, na mtindi kiasi hicho hicho, na vijiko viwili vya mezani vya shira nyeusi, avikoroge pamoja, kisha avimwage vyote kwa mara moja katikati ya unga.

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mara ya kwanza niliukanda unga huu kama nikandavyo mahamri, kwa nguvu na kwa nia njema, na nilichotoa tanurini kingeweza kuzuia mlango usifungwe na upepo. Unga huu haukandwi. Tanua vidole kama ukucha wa mwewe, zungusha mkono bakulini mara chache mpaka usione unga mkavu, basi uache; utaonekana mchafu na mlaini mno, mzito kuliko uji na mwepesi kuliko donge, na hivyo ndivyo unavyotakiwa. Umimine katika bati lililopakwa siagi, nyunyiza oti juu, chora mstari kwa kisu kilichochovywa katika unga, uupeleke motoni upesi. Baada ya dakika 15 punguza moto hadi nyuzi 180, uuache dakika 40 nyingine. Utoe, uugeuze, uugonge chini kwa kifundo cha kidole: ukilia kama ngoma tupu umeiva, ukijibu kwa sauti nzito urudishe. Ufunge katika kitambaa safi ili gamba lisikauke kupita kiasi, na kama una subira usiukate mpaka kesho yake, ingawa sijaona nyumba yenye subira hiyo.

Msomaji ambaye dini yake imemharamishia kileo asidanganywe na wale wasemao kwamba moto wa tanuri huondoa kila kitu, kwa maana hauondoi chote. Naye asione amepungukiwa, kwa kuwa mkate wa mtindi na magadi matupu ulitangulia kwa zaidi ya miaka mia, na kwa rangi na uchungu anaweza kutia kahawa nyeusi iliyopoa kidogo, mahali pa sehemu ya mtindi. Chupa ya stauti aghalabu huwa na mililita 500, na mkate umetwaa nusu tu. Kinachosalia ni ujira wa mwokaji, naye hukinywa amesimama, akilisikiliza gamba likialika ndani ya kitambaa. Aliyetumia mtindi mtupu naye ujira wake umo katika gudulia.